Kaskazini Baada ya Msimu

Mara ya kwanza Masuma alipomwambia mumewe kwamba angependa kwenda kuiona miji ya kaskazini, Firoz alikuwa kaunta akimpimia mteja misumari ya bati. Hakuinua kichwa. "Inshallah, mwakani," alisema, akaongeza misumari kidogo kwenye mizani kwa sababu mshale ulikuwa haujatulia.

Wakati huo walikuwa bado vijana. Duka la vifaa vya ujenzi lililoko Uhindini, mjini Mbeya, Firoz alilirithi kwa baba yake, na nyumba ya kuishi ilikuwa nyuma ya duka hilohilo, kiasi kwamba harufu ya rangi na chuma ilifika jikoni, na harufu ya bizari ikafika kaunta. Masuma aliletwa pale kwa ndoa kutoka Iringa, ambako baba yake aliuza vitambaa. Alikuwa binti wa kutazama. Kwao walimtania kwamba ukimtuma chumvi atakuletea na habari: nani kapaka ukuta rangi mpya, lori gani limekwama kule Ipogolo likishindwa kupanda mlima, mbuzi wa nani kaingia kwenye bustani ya nani. Jumapili alipanda jiwe la Gangilonga na dada zake. Wenzake walikula karanga na kucheka. Yeye alikaa ukingoni akitazama bonde mpaka waanze kumvuta shungi kumwambia twende.

Hamu ya kaskazini aliipata kwa mgeni. Kulikuwa na mzungu wa Norwei aliyechimba visima vijijini, mteja mkubwa wa mabomba, na mke wake alipenda kuingia nyuma kunywa chai na Masuma. Walipomaliza mkataba wao wakarudi kwao, yule mama alimwachia Masuma kalenda kubwa yenye picha za pwani ya nyumbani kwake. Milima iliyochomoka majini ikiwa na theluji kichwani. Nyumba nyekundu za mbao zilizosimama juu ya nguzo, mawimbi yakipita chini ya sakafu. Samaki walioanikwa kwenye vichanja virefu kama nguo za kijiji kizima. Masuma aliitundika kalenda ile karibu na jiko. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, kalenda haikushuka. Akawa anazifunua kurasa zake anavyotaka yeye, leo Machi, kesho Oktoba, na moshi wa mafuta ukazitia rangi ya chai.

"Baba Taher," alisema kila baada ya muda, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, "tutakwenda lini kwenye nyumba zangu nyekundu?"

"Mwakani."

Na Firoz hakuwa akidanganya. Kila mwaka aliamini. Lakini mwaka mmoja paa la stoo lilivuja. Mwaka mwingine alifariki mdogo wake aliyekuwa akimsaidia dukani. Mwaka mwingine bei ya bati ilipanda, akaogopa; mwaka uliofuata ikashuka, akaogopa zaidi. Wenye maduka mengine walikwenda Bombay, walikwenda Karbala, walikwenda Nairobi kwenye harusi. Yeye aliketi. Alikuwa mtu mwema, asiyepiga kelele, asiyemnyima mkewe kitu chochote kinachoweza kununuliwa na kuletwa nyumbani. Alichomnyima ni kile kinachohitaji mtu kuondoka.

Mtoto wao mmoja, Taher, alikulia chini ya zile picha. Alipofika umri wa chuo hakutaka Uingereza wala Kanada. Alikwenda hukohuko Norwei, akasomea mitambo ya meli, akaajiriwa, akabaki katika mji wa Bergen. Akaanza naye kuita. "Njooni, Mama. Meli zinapita hapa zikipanda pwani mpaka juu kabisa, zinaingia kila kimji." Masuma akatengeneza pasipoti, ya kwake na ya mumewe. Zikakaa kabatini mpaka zikaisha muda bila kugongwa hata mhuri mmoja.

Kisha likaja jambo la macho.

Masuma alikuwa na kisukari kwa muda mrefu, na alijitunza kama watu wengi wanavyojitunza, yaani kwa dawa na kwa kusahau dawa. Siku moja alilalamika kwamba kuna kitu kama nywele kinaelea mbele yake. Akatia chumvi kwenye chai ya mgeni. Akashindwa kutunga uzi, akacheka, akasema uzee umeingia. Daktari aliyempima Mbeya hakucheka. Alisema damu inavuja nyuma ya jicho, aende Dar es Salaam kwa daktari bingwa, na aende sasa, si baadaye.

Ilikuwa kiangazi. Nani asiyejua kiangazi cha muuza bati? Wakulima wameuza mazao, mvua ziko mbali, kila mtu anataka kuezeka. Watu wa viazi kutoka Uporoto na watu wa mpunga kutoka Usangu walipigana vikumbo pale kaunta tangu duka linapofunguliwa. Firoz alimtazama mkewe, akatazama foleni.

"Tumalize msimu huu, Mama Taher," alisema. "Kisha tunakwenda na kukaa huko hata mwezi mzima. Ni wiki chache tu."

Isakwisa, aliyekuwa amefanya kazi pale dukani tangu ujana wake na ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto nyumbani Uyole, aliyasikia. Alikuwa akipanga vitasa rafuni. Akasema taratibu, "Mzee, mpeleke mama. Duka mimi ninalo. Duka halina miguu, utalikuta."

"Isakwisa, msimu haumsubiri mtu," Firoz alijibu.

Walikwenda mvua zilipoanza. Daktari wa Dar es Salaam alikuwa mpole. Pengine upole wake ndio uliomchoma Firoz zaidi. Aliangalia jicho la kulia, akaangalia la kushoto, akazima taa yake, akauliza dalili zilianza lini. Akasema angejaribu. Akajaribu. Mwisho akamwambia Firoz wakiwa wawili ukumbini, "Mngekuja mapema kidogo."

Kabla Krismasi haijafika mitaani, Masuma alikuwa hatofautishi dirisha na ukuta.

Hakulia mbele ya mumewe, wala hakumlaumu. Alijifunza nyumba yake upya kwa vidole. Alipika, Esnath aliyewasaidia kazi za nyumbani akimsogezea vyombo. Alimwambia Esnath aitoe ile kalenda ukutani, maana inakusanya vumbi tu. Firoz aliporudi jikoni jioni ile akakuta pale ukutani pana mraba mweupe katikati ya moshi. Alisimama pale na kikombe chake mkononi mpaka chai ikapoa.

Taher alipopiga simu kusema amewakatia safari ya meli, Firoz alikasirika kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule azaliwe. Alitoka nje uani ili mkewe asisikie. "Una akili wewe? Unampeleka mama yako kwenye mandhari? Akafanye nini huko?"

Lakini Masuma alikuwa mlangoni. Watu waliopoteza macho hutembea kimya. "Mimi nakwenda," alisema.

"Masuma, utaona nini huko?"

Neno lilikwisha kutoka. Angelipokea mdomoni kwa mikono miwili kama lingerudi. Masuma aliipapasa fremu ya mlango.

"Sitaona," alisema. "Wewe utaona. Mimi utaniambia. Kazi hiyo tu, Baba Taher, na ni yako."

Basi Mei ile, pasipoti mpya zikiwa tayari, Firoz alimkabidhi Isakwisa funguo za duka. "Ndaga, mzee," Isakwisa alishukuru kwa lugha ya kwao, kana kwamba yeye ndiye aliyepewa safari, na akambebea mama begi mpaka kwenye gari.

Walipofika Bergen, Taher aliwapeleka gatini, akawatafutia chumba chao ndani ya meli, akaongea na wahudumu kuhusu fimbo nyeupe ya mama na chakula chao kisichokuwa na nguruwe. Kisha akawaaga. Firoz alishtuka. "Hatuendi pamoja?"

"Nitaruka kwa ndege niwapokee mwisho wa safari," Taher alisema. "Mama hakuniota mimi kwenye safari hii. Alikuota wewe."

Meli ikaondoka. Masuma alivaa rida yake ya rangi ya zambarau, vazi la kumfunika kichwa hadi miguu, juu yake makoti mawili, akataka wapande juu kwenye sitaha. Akashika chuma cha pembeni kwa mikono yote miwili, akageuza uso kwenye upepo. "Haya," alisema. "Nini kile?"

Firoz akatazama. Alitazama kwa bidii, kama mtu anayetafuta skrubu iliyoanguka sakafuni.

"Kuna mlima," alisema.

"Mlima wa namna gani?"

"Mlima tu. Mrefu."

"Kama Loleza?"

Alifikiri. Kila siku ya maisha yake Loleza umekuwa juu ya kichwa chake, juu ya mji mzima wa Mbeya, na sasa hakuweza kuukumbuka una umbo gani. Alijua ulipo. Hakujua ulivyo. "Sijui," alisema. "Huu una theluji."

"Na maji?"

"Maji ni mengi."

Masuma akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Siku nzima ile aliuliza, na siku nzima Firoz alijibu kama risiti: mlima, mashua, nyumba, ndege mweupe. Jioni walipokula, alimsikia mzee mmoja wa Kizungu kwenye meza ya jirani akimsimulia mkewe jambo waliloliona wote wawili, na mke akiongezea, wakinyang'anyana maneno. Firoz akainamia samaki wake. Alitambua kwamba amekuwa na macho mazima umri wake wote na hakuyafanyisha kazi nyingine ila kusoma namba na kuwaangalia wateja mikono.

Kilichomfungua ni mapaa. Meli ilikuwa imeingia katika kimji kidogo, nyumba kumi na kitu zimeshikilia mwamba, na Masuma akauliza nyumba zikoje. Firoz akasema, "Wajinga hawa, wameezeka kwa majani." Kisha akatazama vizuri. "Hapana. Subiri. Ni udongo. Wameweka mbao, juu ya mbao wametandika udongo, na majani yameota juu yake, mabichi kabisa. Mbuzi anaweza kula majani juu ya nyumba."

"Wewe!"

"Wallahi. Na kuta ni mbao za kusimama, zimepandana hivi," akauchukua mkono wa Masuma, akapandanisha vidole vyake mwenyewe juu ya vidole vya mkewe, "maji ya mvua yasiingie. Misumari huioni. Rangi ni nyekundu, lakini si nyekundu ya mafuta inayong'aa. Ni nyekundu ya unga, ile ya udongo, kama ukuta wa Idodi, kule kwenu, baada ya mvua. Imeingia ndani ya mbao. Fundi wa hapa anajua kazi."

Masuma alikuwa ameacha kutikisika kwa baridi. "Endelea," alisema.

Kuanzia pale akaendelea. Alisimulia kama fundi anayekagua nyumba ya mwenzake: madirisha yalivyofungwa mara mbili kuzuia baridi, nguzo za gati zilivyoliwa na maji kiunoni, minyororo, kapi, mlango wa kanisa dogo uliopakwa rangi ya samli. Kwa njia ya mbao alifika kwenye milima, na kwa njia ya milima akafika kwenye mwanga. Alimwambia kwamba jua huku halikubali kwenda kulala, na Masuma akauliza wataswali vipi Maghribi ya jua lisilozama, wakacheka wote wawili, wakaamua kufuata saa za Mbeya mpaka waambiwe vingine. Walikula mkate walioubeba na achari ya maembe. Wahudumu wakawa wanawapisha dirishani. Kwa siku hizo chache Firoz alijiona kama bwana harusi, na ndani ya furaha ile kulikuwa na kitu kinachouma, maana kila alichokiona kizuri alijua kilikuwepo pale mwaka jana pia, na mwaka wa juzi, na ile miaka yote ya mwakani.

Siku moja upepo ulileta harufu kali. Masuma akainua pua. "Usipa!" alisema. "Kuna mtu anaanika dagaa hao kama kule Kyela."

Vilikuwa vichanja vya samaki, vilima na vilima vya vichanja, samaki wakubwa wamefungwa mikia wawili wawili wakining'inia. Alipomweleza, Masuma alishika mkono wake. "Ile picha haikuwa na harufu," alisema. "Kumbe ilikosa kitu."

Meli ilitia gati hapo asubuhi, na abiria wakaruhusiwa kushuka kwa muda mfupi, wakitakiwa kurudi honi itakapolia. Mji ule Firoz hakuweza kulitamka jina lake. Ulikuwa na barabara moja, na kwenye barabara ile benchi lililotazama bahari, jua likilipiga. Masuma alichoka, akaketi. Na ng'ambo ya barabara, mkabala na benchi, kana kwamba shetani alikuwa amelipanga, palikuwa na duka la vifaa.

Firoz alilitazama dirisha lake. Bawaba za shaba za mashua, nzito, zilizopangwa kwa ukubwa. Ndoano. Kamba. Kufuli za namna asizowahi kuzishika.

"Nachungulia hapa mara moja," alisema. "Dakika tu."

"Usichelewe," Masuma alisema. "Kuna baridi ukikaa mahali pamoja."

Mwenye duka alikuwa mzee kama yeye, mwenye aproni, anayezungumza Kiingereza cha kuokoteza kama chake. Firoz akajitambulisha: na yeye ana duka, mbali sana, kusini mwa Tanzania. Yule mzee akafurahi. Akamtolea bawaba, akamwonyesha zinavyotengenezwa chumvi isizile. Firoz akauliza kuhusu mabati, yule akamweleza kuhusu upepo. Wakaulizana habari za wateja wakopao, wakacheka, maana wateja ni walewale dunia nzima. Yule mzee akampa kiti. Hakuna mtu aliyewahi kumwelewa Firoz upesi namna ile.

Aliposikia honi ya meli ndipo alipokumbuka.

Alitoka mbio. Benchi lilikuwa tupu. Jua lilikuwa limehama, na kivuli cha paa la duka kilikuwa kimeliangukia benchi lote, upepo ukipita juu yake. "Masuma!" alipiga kelele. Mtu mmoja aligeuka, akaendelea na safari yake. Firoz alikimbia kuelekea mwambao, akarudi, hakujua upande wa kushika. Aliyatazama yale maji aliyoyasifu siku zile zote na akayaona yalivyo: meusi, ya kina, yasiyo na ukuta. Alimwita tena, sauti ikatoka kama ya mtu anayezama yeye mwenyewe.

Alimkuta kwenye vichanja. Mwanamke mmoja wa pale, mnene, mwenye buti za mpira, alikuwa amemfunika koti lake na kumshika kiwiko, akimsaidia kugusa samaki mmoja mkavu kama ubao. Midomo ya Masuma ilikuwa imebadilika rangi. Firoz akamshika mabega.

"Nilikuita," Masuma alisema.

"Sikusikia."

"Najua. Nikaona afadhali nifuate harufu. Huyu mama akanikuta njiani."

"Masuma, nilisema dakika tu, yule mzee akaanza..."

"Miaka yote nimekaa kwenye benchi, Baba Taher." Hakupaza sauti, na mama yule wa buti hakuelewa kwamba kuna ugomvi. "Ulikuwa unachungulia mara moja. Nilikusubiri nikiwa na macho, nikakusubiri yakiwa yanakwenda. Ulisema tumalize msimu. Nilirudi nikasimama nyuma ya pazia siku ile, naisikia foleni. Nikasema, labda atamkubalia Isakwisa ashike kaunta. Labda sasa. Labda mteja huyu akiondoka."

Honi ililia mara ya pili. Yule mama akawasindikiza mpaka ngazi za meli, na alipotaka kurudishiwa koti lake, Masuma alimrudishia na kumbusu mkono.

Chumbani Masuma alilala akiwa amegeukia ukuta. Firoz alimwomba msamaha. Aliomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Kigujarati cha mama yake, akaomba kwa jina la mtoto wao. Alisema yale ambayo hakuwahi kuyasema tangu ukumbi ule wa Dar es Salaam: kwamba yeye ndiye aliyemzima macho kwa ajili ya mabati. Masuma alisikiliza yote.

"Nilikwisha kukusamehe hata kabla hatujarudi kutoka Dar," alisema mwishoni. "Usifikiri jambo ni hilo. Leo nataka kukasirika tu. Niache nikasirike."

Alasiri ile ndipo meli ilipoingia kwenye mlango mwembamba wa bahari kati ya milima, mahali ambapo abiria wote walikuwa wamepasubiri tangu Bergen. Nahodha alitangaza. Watu walipanda sitaha kwa vishindo. Firoz alimgusa mkewe begani. "Mama Taher, ndipo hapa penyewe."

"Nenda wewe," alisema.

Alikwenda. Kuta za mawe zilisogea pande zote mbili mpaka akahisi angeweza kuzigusa kwa mkono. Maporomoko membamba ya maji yalishuka kutoka kwenye theluji bila kelele, upepo ukiyapeperusha kabla hayajafika chini. Maji ya bahari yalikuwa ya kijani ambacho hakuna kopo la rangi lililowahi kukipata. Tai mkubwa alizunguka juu. Watu walinyanyua simu, walilia, walikumbatiana. Firoz alisimama kwenye kona aliyozoea kusimama naye, akajikuta anasema kwa sauti, "Huku kulia kuna..." Mwanamke aliyekuwa kando yake alimtazama, akasogea. Kila kitu kilikuwa kizuri mno, na hakikuwa na pa kwenda. Kilimjaa machoni kikakaa humohumo. Alielewa sasa kwamba hivyo ndivyo alivyomwacha mkewe na jiko lake na ukuta wake, akiona kila kitu peke yake, hana wa kumwambia, maana wa kuambiwa alikuwa kaunta.

Asubuhi iliyofuata Masuma aliamka, akapapasa mpaka akampata kitandani. Hasira ilikuwa imempungua, lakini haikuwa imeisha. Ilionekana kwenye taya.

"Jana nilikosa nini?"

Angeweza kusema hukukosa kitu, milima ni ileile. Alilifikiria jibu hilo. "Ulikosa sana," alisema.

"Basi nieleze."

Akamweleza, polepole, asubuhi nzima, chai ikipoa. Pengine hakuwahi kueleza vizuri kama siku ile. Masuma alisikiliza bila kuuliza, na alipomaliza alisema tu, "Ningelipenda kuusikia ule ukimya, ulipokuwapo."

Taher aliwapokea mwisho wa safari, wakarudi Mbeya. Isakwisa alikuwa ameuza vizuri, duka lilikuwa mahali pake, na hakuna mteja aliyekuwa amekufa kwa kukosa bati. Firoz alimwachia kaunta Isakwisa tangu mwezi ule, akawa anakaa ndani na mkewe mpaka mchana, kitu ambacho majirani walikitafsiri kuwa ugonjwa.

Wageni walianza kuja kuwapa pole na safari. Siku moja alikuja Nalini, mwenye duka la vyombo mtaa wa pili, pamoja na mumewe Dhaval, na Firoz akaanza kuwasimulia. "Tuliona milima imesimama majini, tuliona nyumba..."

"Yeye aliona," Masuma alisema, akimimina chai huku kidole kimoja kikiwa ndani ya ukingo wa kikombe. "Mimi niliambiwa."

Wageni walicheka, wakidhani ni utani wa mume na mke. Firoz hakucheka. Akaendelea, akafika kwenye ule mlango mwembamba, na hapo akakwama. Alikumbuka kuta. Alikumbuka kijani. "Na kulikuwa na... palikuwa na maji fulani..."

"Maporomoko," Masuma alisema. "Membamba, kutoka kwenye theluji. Hayakupiga kelele. Upepo uliyachukua kabla hayajafika chini, yakawa kama shela linalopeperuka. Na tai alikuwa mmoja, alizunguka upande wa kushoto wa meli."

"Ehe, kushoto," Firoz alisema, ingawa hakuwa tena na hakika.

Tangu siku ile ni Masuma anayesimulia. Wageni wakija, Firoz hukaa pembeni na kikombe chake. Kuna mambo yaliyokwisha kumtoka kabisa, nyumba moja baada ya nyingine, na humsikia mkewe akiyataja: rangi ya samli ya mlango wa kanisa, nguzo zilizoliwa kiunoni, mbuzi ambaye angeweza kula majani juu ya paa. Masuma hapotezi hata moja. Dhaval aliwahi kumnong'oneza kwamba mkewe ana kipaji, anasimulia kama aliyeona.

Firoz aliitikia kwa kichwa. Alichokuwa akikifikiria hakukisema kwa Dhaval wala kwa mtu mwingine. Kama kwa maneno ya muuza misumari, yaliyochelewa, yaliyokatwakatwa, Masuma ameweza kuhifadhi yote haya, je, angehifadhi nini kwa macho yake mwenyewe, ule mwaka alipouliza mara ya kwanza?

Nje Isakwisa alikuwa akimwita Esnath aje amsaidie kushusha mlango wa duka. Masuma akageuza uso upande alipo mumewe. "Baba Taher, umenyamaza," alisema. "Kuna nini barabarani saa hizi?"

Firoz alinyanyuka, akaenda dirishani, akaanza kutazama.